Dirisha, Funguka

Mwaka 2006 haukuwa mwaka mwema wa kufundisha kompyuta mjini Dar es Salaam. Mvua zilikuwa zimekosekana, mabwawa ya kuzalishia umeme yalikuwa yamepungua maji, na mgao wa umeme ulikuwa umetuingilia hata ndani ya ratiba ya masomo. Ilipofika saa ya darasa langu, mara nyingi niliwakuta wanafunzi wamekaa mbele ya viwambo vyeusi, wamekunja mikono, wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuzima.

Darasa lilikuwa na kompyuta kumi na mbili, zote za mitumba, na wanafunzi ishirini na sita. Somo lenyewe, kama lilivyoandikwa katika mtaala wa chuo, lilikuwa kutengeneza programu zenye madirisha, vitufe na menyu, yaani zile ambazo mtumiaji anaziendesha kwa kipanya badala ya kuandika amri moja moja. Mtaala haukusema ni kwa lugha gani ya kompyuta. Mimi nikachagua Smalltalk.

Naandika haya kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikijiuliza kama nilitenda haki. Ili msomaji aweze kunihukumu, sina budi kwanza kumweleza lugha hiyo ilikotoka, maana historia yake ndiyo iliyonivuta, na historia hiyohiyo ndiyo iliyokuja kunisuta baadaye.

Kijana wa leo akiona dirisha kwenye kiwambo hudhani lilikuwapo tangu kompyuta iumbwe. Sivyo. Katika miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mashine kubwa iliyofungiwa katika chumba chake, ikilishwa kadi zilizotobolewa, na mtu wa kawaida hakuikaribia. Lakini palikuwa na watu wachache waliowaza vingine. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu yake iitwayo Sketchpad, ambayo ilimwezesha mtu kuchora juu ya kiwambo kwa kalamu ya mwanga. Huko Oslo, Norwei, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitunga lugha ya Simula, ambayo ndani yake programu iligawanywa katika vitu vyenye tabia zao, kama vile meli, magari, au watu waliopanga foleni. Na tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alikaa mbele ya umati wa wataalamu akawaonyesha kipanya na namna ya kuhariri maandishi moja kwa moja kwenye kiwambo. Wengi waliokuwapo hawakuwa wamewahi kuona jambo kama hilo.

Kijana mmoja aliyeitwa Alan Kay aliyaona yote hayo na kuyaunganisha. Alikuwa amesomea baiolojia na hisabati kabla ya kuingia katika kompyuta, na inasemekana biolojia ndiyo iliyomfundisha kuwaza programu kama mwili wenye chembe nyingi, kila chembe ikiwa na uhai wake, zote zikipelekeana ujumbe. Mwaka 1968 alimtembelea Seymour Papert, ambaye pamoja na wenzake alikuwa akiwafundisha watoto kwa lugha ya Logo. Kay akaondoka huko na wazo ambalo halikumwacha tena: kwamba siku moja kila mtoto atakuwa na kompyuta yake, nyepesi ya kubebeka kama kitabu, naye ataitumia si kwa kusoma tu bali na kwa kuandika. Wazo hilo alilieleza katika makala ya mwaka 1972.

Wakati huo Kay alikuwa ameajiriwa katika kituo cha utafiti ambacho kampuni ya Xerox ilikifungua mwaka 1970 mjini Palo Alto, jimbo la California. Hapo ndipo Smalltalk ilipozaliwa. Jina lenyewe maana yake ni maongezi ya kupitisha wakati, na Kay ameeleza kwamba alilichagua kwa makusudi. Mifumo mingi ya siku hizo ilipewa majina ya miungu ya kale na bado haikufanya lolote la maana. Yeye alitaka jina dogo, ili lugha ikifanya jambo jema watu washangae. Dan Ingalls ndiye aliyeifanya lugha hiyo itembee kwa mara ya kwanza, mwezi Oktoba 1972. Mwaka uliofuata ikaja mashine iitwayo Alto, yenye kiwambo kilichosimama wima kama ukurasa wa karatasi, na kipanya chenye vitufe vitatu.

Ndugu msomaji, hapa ndipo pananigusa mimi niliye mwalimu. Watu hawa hawakuijenga mashine hiyo kwanza, kisha wakatafuta wa kumfundisha. Walifundisha hukuhuku wakijenga. Mwaka 1973 alijiunga nao Adele Goldberg, aliyekuwa mtaalamu wa elimu na kompyuta, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwaleta wanafunzi wa shule ya jirani, watoto wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano, na kuwaweka mbele ya Alto. Hakuwaanzishia hesabu. Aliwaanzishia kisanduku, mraba mtupu uliochorwa kwenye kiwambo, akakipa jina la Joe. Mtoto alimwambia Joe ageuke nyuzi 30, Joe akageuka. Alimwambia akue, Joe akakua. Kisha mtoto akaunda kisanduku cha pili chenye jina jingine, akaona kwamba kila kimoja kinasikia amri zake chenyewe. Msingi wote wa lugha ulikuwa umekwisha kufundishwa, na mtoto alidhani anacheza.

Msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alitengeneza programu ya kuchorea picha. Mvulana wa miaka kumi na mitano alitengeneza ya kuchorea michoro ya saketi za umeme. Kay na Goldberg waliyasimulia hayo katika makala yao ya mwaka 1977. Mimi nilipoyasoma, katika maktaba yenye joto, nikiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, nilijisemea: ikiwa mtoto wa miaka kumi na miwili aliweza, vijana wangu watashindwaje?

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kwanza ya kuchagua Smalltalk. Sababu ya pili ilikuwa umaskini wetu. Mwaka 1996 Kay, Ingalls na wenzao, wakiwa sasa katika kampuni ya Apple, walitoa Smalltalk ya bure iitwayo Squeak. Ilienea katika diski moja, haikudai leseni, na ilikubali kutembea hata kwenye zile mashine zetu za mitumba. Sababu ya tatu sikuijua mpaka nilipoingia darasani, nayo ilikuwa Kiswahili.

Siku ya kwanza niliwaeleza kwamba katika lugha nyingi za kompyuta mpanga programu ni kama bwana mwenye nyumba. Anatoa amri ya kufungua, kisha anataja kinachofunguliwa, ni dirisha. Katika Smalltalk mambo ni kinyume. Unalitaja dirisha kwanza, kisha unalipelekea ujumbe, nalo dirisha lenyewe linajua la kufanya. Unasema na dirisha, kama Ali Baba alivyosema na mwamba.

"Basi, mwalimu," akauliza binti mmoja aliyekaa mbele, "kwa Kiswahili tuandike dirisha fungua?"

"Hapana," mwenzake akamjibu kabla yangu, "fungua ni kufungua kingine. Hapa linajifungua lenyewe. Andika dirisha jifungue."

Darasa likaangua kicheko, maana wote waliliona dirisha limelazwa wodi ya wazazi. Kicheko kilipotulia, kijana mmoja kutoka Handeni, mpole, ambaye hakuwa ameongea tangu asubuhi, akasema taratibu, "Funguka."

Nikaandika ubaoni: dirisha funguka. Nikawaonyesha kwamba kwa Smalltalk huo si mfano wala tafsiri. Ni sentensi kamili ya programu. Ukiliita dirisha lako kwa jina hilo na ukalifundisha ujumbe huo, mashine itaupokea kama ulivyo.

Lugha nyingi za kompyuta zina maneno yake ya Kiingereza yaliyopigiliwa misumari, na huwezi kuyang'oa. Smalltalk ina maneno ya namna hiyo sita tu. Hata neno la kuuliza kama jambo ni kweli au si kweli, ambalo katika lugha nyingine ni sehemu ya sarufi, kwa Smalltalk ni ujumbe wa kawaida unaopelekwa kwa kitu kiitwacho kweli au kitu kiitwacho si kweli. Nilipowaambia hivyo, yule kijana wa Handeni alikaa hadi jioni, umeme ukiwa umerudi kwa bahati, na kesho yake akaja na ujumbe mpya aliouita ikiwaKweli. Uliandikwa kwa mistari michache tu na ulifanya kazi. Niliona uso wake. Nimefundisha miaka mingi, na nyuso za namna ile nimeziona chache.

Wakati huo suala la Kiswahili katika kompyuta halikuwa ndoto tena. Mwaka 2004 ilikuwa imetolewa Jambo OpenOffice, tunda la mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ilimwezesha mtu kuandika barua na kupiga hesabu huku menyu zote zikiwa za Kiswahili. Sisi tulikuwa kijidarasa tu. Hata hivyo tulijiona tumo katika msafara mmoja.

Baada ya wiki sita niliwafundisha jambo gumu kuliko yote, nalo pia lina historia yake. Mwaka 1978 alifika pale Palo Alto mgeni kutoka Norwei, Trygve Reenskaug, aliyekuwa amefanya kazi ya mifumo ya kupanga ujenzi wa meli. Alijua kwamba mpango mmoja wa kujenga meli hutazamwa na watu wengi kwa macho tofauti: huyu anataka orodha, yule mchoro, wa tatu tarehe tu. Akapendekeza programu igawanywe mara tatu: kwanza habari zenyewe, pili sura inayozionyesha, tatu sehemu inayopokea matakwa ya mtumiaji. Mgawanyo huo aliukamilisha mwaka 1979, na mpaka leo watengenezaji wa programu ulimwenguni wanautumia, wengi wao bila kujua jina lake.

Mimi niliueleza kwa duka. Kuna daftari, kuna ubao wa bei ukutani, na kuna karani anayemsikiliza mteja. Daftari halijui kuna mbao ngapi. Likibadilishwa hutangaza tu, "Nimebadilika," na kila ubao hujisomea upya. Karani haandiki ubaoni. Huandika katika daftari. Ukilielewa hilo, unaweza kuongeza ubao wa pili na wa tatu bila kuligusa daftari.

Kijana wa Handeni aliuchukua mfano huo akaufanya kweli. Mama yake aliuza vitenge kwa mkopo, na madeni aliyaandika katika kaunta buku. Kijana akatengeneza programu ya madeni yenye madirisha mawili, moja la majina ya wateja, la pili la jumla ya fedha zilizo nje. Mteja akilipa, madirisha yote mawili yanabadilika papo hapo. Mama alipokuja mjini kumtazama mwanawe, tukamkalisha mbele ya mashine. Aliendelea vizuri mpaka alipokosea jina, akatakiwa kurudi nyuma. Kitufe cha kurudi nyuma kiliandikwa "Futa". Mama akakiangalia, akauondoa mkono wake kwenye kipanya.

"Mwanangu, nikibonyeza hapo si nitakuwa nimemsamehe deni?"

Sisi wataalamu tulikuwa tumelitazama neno lile kwa mwezi mzima bila kuliona. Kufuta deni ni kusamehe deni, nani asiyejua? Siku hiyohiyo kitufe kikaandikwa "Ghairi". Nikawaambia wanafunzi kwamba dakika moja ya mama yule iliwafundisha zaidi ya wiki yangu nzima. Na ndivyo ilivyokuwa kwa Goldberg pia: watoto wa Palo Alto walikuwa wanafunzi, na papo hapo walikuwa wapimaji.

Mgao nao ulitufundisha. Siku moja umeme ulikatika kijana akiwa katikati ya kazi ya saa tatu, hajahifadhi chochote. Alitaka kulia. Lakini waliotunga Smalltalk walikuwa wameweka faili la pembeni, ambamo kila badiliko la programu huandikwa lenyewe mara linapofanywa. Umeme uliporudi tukalifungua faili lile na kuyarudisha mabadiliko yote, moja baada ya jingine, kwa mpangilio aliouandika. Alinitazama kama aliyeona maiti anafufuka.

Ningeweza kuishia hapa, na msomaji angeondoka akidhani nilikuwa mwalimu bora. Lakini historia ina upande wake wa pili.

Mwezi Desemba 1979 Steve Jobs na wenzake wa kampuni ya Apple walifika Palo Alto kuonyeshwa Smalltalk. Goldberg alipinga, kwa kuwa aliona wazi kwamba kampuni yake inataka kugawa mali yake kwa mikono yake yenyewe, lakini wakubwa waliamuru. Wageni wakaona madirisha yanayolaliana, menyu zinazochomoza na kipanya. Mwaka 1983 Apple wakatoa kompyuta ya Lisa, na mwezi Januari 1984 Macintosh. Mwezi Novemba 1985 Microsoft nao wakatoa Windows yao ya kwanza. Madirisha yakauteka ulimwengu. Lugha iliyoyazaa, ikabaki nyumbani. Ilidai mashine zenye nguvu na kumbukumbu kubwa wakati vitu hivyo vilikuwa ghali, na makampuni yaliyoiuza yaliiuza kwa bei ambayo mtu wa kawaida hakuiweza. Ilipotokea Java mwaka 1995, ikigawiwa bure, wengi walihamia huko. Mawazo ya Smalltalk yaliendelea kuishi katika nyumba za watu wengine. Lugha ya Objective-C, ambayo programu za simu ya iPhone za mwanzo ziliandikwa kwayo, iliuchukua mtindo wake wa kupelekeana ujumbe. Scratch, inayofundishia watoto tangu mwaka 2007, mwanzoni ilijengwa juu ya Squeak. Lakini mwajiri hakuulizi mawazo yako yametoka wapi. Anakuuliza unajua lugha gani.

Baba wa kijana wa Handeni alikuja chuoni mwanzoni mwa mwaka 2007. Alikuwa mtu mzima, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mtoto ananiambia lugha unayomfundisha haitumiki maofisini. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee, maofisini haitumiki sana. Lakini inampa misingi. Akishika misingi, lugha yoyote ataipata kwa miezi miwili."

Akanisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu kuliko mimi. Kisha akasema, "Mimi nimeuza ng'ombe wanne, mwalimu. Misingi ni kitu chema. Lakini nyumba ya misingi mitupu hailaliwi."

Sikuwa na jibu. Nilimpa soda, tukaongea habari za mvua.

Miezi michache baadaye kijana alimaliza na kuitwa kwenye usaili katika kampuni moja mjini. Walimuuliza kama anajua Visual Basic. Akasema anajua kidogo. Java? Kidogo. Basi unajua nini vizuri? Akasema Smalltalk. Wasaili watatu wakatazamana, mmoja akauliza ni kitu gani hicho. Alianza kuwaeleza habari za daftari na karani, wakamshukuru na kumwambia atapigiwa simu. Hakupigiwa. Alikuja kunieleza mwenyewe, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mwalimu," alisema, "ni kama ulinifundisha Kilatini, halafu ukanituma sokoni."

Nilirudi katika historia kutafuta utetezi, na nilichokikuta huko hakikunitetea. Mwaka 1993 Alan Kay aliandika historia ya Smalltalk kwa mkono wake mwenyewe, na humo hakujisifu. Anasema mafanikio ya wale watoto yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa ya wote kama walivyodhani mwanzoni. Waliwafurahia wachache waliong'ara, na pengine wachache hao wangeng'ara popote. Anasimulia kwamba waliwafundisha pia watu wazima ishirini hivi wa kituo chao wasiojua kupanga programu. Hao walianza kwa kasi, wakaja kukwama kwenye kazi iliyoonekana ndogo, programu ya kuhifadhi majina na anwani. Kay aliichambua kazi hiyo kwa makini na kuhesabu ndani yake mawazo kumi na saba yasiyo dhahiri, ambayo yeye na wenzake waliyaona ya kawaida kwa sababu walikuwa wamekwisha kuyazoea.

Niliufunga ukurasa ule nikachukua daftari langu la maksi. Katika wanafunzi ishirini na sita, wanne walikuwa wametengeneza programu iliyosimama yenyewe. Kumi na wawili hivi walikuwa wamenakili za wenzao wakabadilisha rangi na majina. Waliobaki walijua kulifungua dirisha na kulifunga. Mimi mwaka mzima nilikuwa nikimsimulia kila mtu habari za ikiwaKweli na za mama wa vitenge, yaani habari za kijana mmoja. Wale kumi walioketi nyuma nilikuwa sijawaona.

Basi nilikosa mambo mawili. La kwanza ni kuwapima wanafunzi kwa yule aliyeng'ara. La pili, na ndilo zito, ni kutowaambia ukweli mapema. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba lugha ile haiko katika matangazo ya kazi. Sikuwaambia, kwa sababu niliogopa wataiacha kabla hawajaipenda. Mapenzi yangu kwa historia nzuri niliyaweka juu ya ng'ombe wanne wa mzee wa watu.

Kuanzia mwaka huo nilibadilisha somo. Wiki kumi za kwanza Smalltalk, zilizobaki Java, tukitengeneza upya programu ileile, ili mwanafunzi aone kwa macho yake ni kipi kinabaki lugha inapobadilika. Yale mawazo yasiyo dhahiri niliyaandika kwenye karatasi kubwa ukutani, na hatukuvuka wazo moja mpaka mtu wa nyuma kabisa aweze kulieleza kwa maneno yake. Tulikwenda polepole sana. Na siku ya kwanza ya kila mwaka nilisema, "Lugha hii haitawapa kazi. Nawafundisha kwa sababu kadha wa kadha. Mwenye kuona hazimtoshi, aseme." Mwaka mmoja binti mmoja alisimama, akasema hazimtoshi, akaomba kuhamia somo jingine. Nilimwandikia barua ya kuhama nikampa mkono. Heshima ile kijana wa Handeni hakuipata kwangu.

Nilikutana naye tena mwaka 2012 katika kituo cha daladala Ubungo. Alikuwa amepata kazi miaka miwili baada ya usaili ule, kwa lugha aliyojifunza mwenyewe usiku usiku, na sasa alikuwa anaandika programu za simu kwa Java. Tulisimama kwenye kivuli cha kibanda. Nilimuuliza jambo lililonikaa moyoni miaka mitano, kama nilimpotezea mwaka.

Alifikiri kidogo. "Mwaka ule ndio niliacha kuiogopa mashine," alisema. "Hilo silikatai. Lakini ungetuambia, mwalimu. Ningeipenda vilevile, na jioni ningejisomea nyingine."

Nikamwomba radhi. Akacheka kwa aibu, maana si desturi yetu mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi, akabadilisha mazungumzo. Nikamuuliza habari za mama.

Programu ya madeni aliitumia kwa miaka mitatu, mpaka ile kompyuta ya mitumba ilipokufa. Kisha akarudi kwenye kaunta buku yake bila manung'uniko, kwani kaunta buku haihitaji umeme. Kitu kimoja tu alikisikitikia, kijana alisema. Mteja akilipa, jumla haijibadilishi yenyewe. Inabidi aipige upya kila jioni, kwa kalamu, chini ya taa.